Mweka Muda Aliyetaka Kuiona Kona ya Tatu

Jumapili, tarehe 23 Novemba. Alfajiri yalianguka manyunyu ya robo saa, yakalaza vumbi bila kutengeneza tope. Saa nne mawingu yakatawanyika, na ilipofika saa saba mchana ardhi ilikuwa imekauka tena, jua la wastani, upepo mwepesi ukivuma kutoka kona ya tatu kuelekea mstari wa kumalizia.

Fundi saa ambaye watu wote wa uwanja wa pikipiki humwita Mzee Nukta alifika mapema kama kawaida yake. Akatembea moja kwa moja hadi kwenye ngazi ya kibanda cha muda, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, ndipo akakumbuka kwamba siku hiyo hapandi. Akaushusha mguu, akatupa jicho kushoto na kulia kuona kama kuna aliyemwona, akaenda kutafuta benchi.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja. Kwa misimu ishirini na minane alikuwa ameshika saa ya kubonyeza katika kibanda kile cha mbao kilichosimama juu ya nguzo nne, chenye dirisha pana lakini fupi kama mdomo wa sanduku la posta. Mbele ya dirisha hilo hakuna kinachoonekana ila mstari wa chokaa uliokata njia. Mzee aliyemfundisha kazi alimwekea sharti moja tu: macho yasitoke mstarini. "Ukiisindikiza pikipiki kwa macho," alimwambia, "inayofuata itakupita kama mwizi." Nukta alilishika neno hilo kama kiapo. Pikipiki ilikata mstari, kidole kikabonyeza, penseli ikaandika, jicho likabaki palepale kungoja nyingine. Kwa kuwa hakuwahi kutaja sekunde bila kutaja na nukta zake, yaani sehemu za kumi za sekunde, ndipo likamganda jina.

Basi mtu huyu alikuwepo katika mbio za mwisho ishirini na nane, zile zinazoamua bingwa wa mwaka, na hajaona hata moja. Nani ameshinda alijua kabla ya yeyote. Ameshinda kwa kiasi gani alijua yeye peke yake. Ila ameshindaje, hilo hakulijua mpaka aambiwe.

Aliyemwambia alikuwa mkewe.

Duka lao lilikuwa moja: upande wa kushoto saa, upande wa kulia vifungo, uzi na zipu za mkewe. Siku za mbio walilifunga pamoja wakaenda pamoja, yeye akapanda kibandani, mke akakaa benchi la juu. Mbio zikiisha, Nukta alibaki saa nzima akijumlisha na kulinganisha karatasi, na akishuka humkuta mkewe chini ya ngazi, kibegi mkononi, tayari kwa safari. Kutoka uwanjani hadi nyumbani ni dakika arobaini na moja kwa miguu. Kwa mwendo wa hadithi zilifika sitini na zaidi, maana mke alikuwa na tabia ya kusimama kila penye jambo kubwa. Akisimama, na Nukta husimama.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, msimu wake wa pili kibandani, yule aliyehitaji kumaliza tu ili awe bingwa alikatikiwa na mnyororo mita themanini kabla ya mstari. Nukta aliandika: dakika moja, sekunde hamsini na tatu, nukta sita, akashangaa mzunguko mrefu kiasi hicho. Mkewe ndiye aliyemwambia kwamba yule kijana aliisukuma pikipiki huku akiibembeleza kama punda aliyegoma kuvuka daraja: "Twende mwanangu, twende, nikifika nitakunywesha." Mwaka mwingine wawili walilingana pointi, wakalingana na idadi ya ushindi, hata ikabidi kuhesabu nafasi za pili. Nukta alihesabu mara tatu. Mkewe akamwambia kwamba muda wote ule mama wa huyu na mama wa yule walikaa benchi moja wakinywa chai kutoka chupa moja, bila kusemeshana hata neno. Na ule mwaka wa tope, ambapo namba hazikusomeka na Nukta akawatambua wapanda pikipiki kwa sauti za injini zao, mkewe alisimama katikati ya daraja akasema, "Unajua bingwa wako hakujua kama ameshinda? Kaenda kumpongeza mwenzake. Kampa mkono kabisa. Mwenzake akamwambia, wewe mwehu, bingwa ni wewe."

Hadithi hizo Nukta hakuziandika popote. Katika madaftari yake zilikuwepo tarakimu tu. Lakini akilifungua daftari la mwaka wowote, akiziona tarakimu, alisikia sauti ya mkewe ikizieleza.

Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimpiga mkewe. Kilimchukua mkono wa kulia, nusu ya mguu, na maneno yote isipokuwa moja. Lililobaki lilikuwa "haya". Kwa neno hilo moja aliendesha nyumba nzima. Lilikuwa kukubali, kukataa, kuuliza, kukaripia na kuaga, na aliyemzoea hakukosea. Mdogo wake alihamia kwao kumsaidia, na ndani ya wiki moja alikuwa akigombana naye kwa saa nzima, mmoja akitoa maneno mia mbili na mwingine "haya" kumi, na mwenye "haya" ndiye aliyeshinda.

Lakini hadithi zilikwisha. Msimu uliofuata Nukta alirudi peke yake kutoka mbio za mwisho, akakaa mbele ya mkewe, akamsomea karatasi. "Wa kwanza, dakika ishirini, sekunde mbili, nukta nne. Wa pili, dakika ishirini, sekunde tano, nukta sifuri." Mkewe alisikiliza kidogo, kisha akageuza uso ukutani. Nukta akakunja karatasi. Usiku ule alijaribu kuikumbuka sauti yake ikisema "wewe mwehu, bingwa ni wewe". Maneno yakaja, ila sauti ilikataa kuja, na hilo likamwogopesha kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwaka huu klabu ilinunua mashine. Kila pikipiki ilifungwa kidubwasha kidogo kama kiberiti, na chini ya mstari wa chokaa ukafukiwa waya. Kwa mbio nne mashine na Nukta walifanya kazi sambamba, na mbio zote nne walikubaliana. Watu walidhani mzee atanuna. Hakununa hata kidogo. Alikuwa na lake.

Alhamisi kabla ya mbio za mwisho, katibu wa klabu alimfuata dukani. Alimkuta na lenzi jichoni, saa ya mtu imefumuliwa mbele yake.

"Mzee Nukta, Jumapili utapanda na saa yako. Mashine ni mashine. Ikigoma je?"

"Ikigoma iulizeni imekosewa nini."

"Mzee, hii ni mbio ya mwisho. Kinyozi ana pointi mia moja na kumi na nane, seremala mia moja na kumi na sita. Atakayemtangulia mwenzake ndiye bingwa, basi. Tukikosea hapo watanichoma na kibanda changu."

"Kibanda ni changu," Nukta alisema. "Wewe una ofisi."

"Haya, chako. Ndiyo maana nakuomba."

Nukta alitoa lenzi jichoni. "Katibu, umewahi kuutumbulia macho mstari wa chokaa miaka ishirini na minane?"

"Mimi sijauoa huo mstari."

"Mimi niliuoa. Sasa naomba talaka ya siku moja."

Katibu akacheka, kisha akaona mzee hacheki. "Unataka nini hasa?"

"Kiti."

"Kiti cha nini?"

"Cha kukalia. Upande wa kona ya tatu. Nataka kuona bingwa anavyopatikana."

Katibu alikwenda zake akitikisa kichwa, lakini kiti alitoa, kwenye benchi la juu upande wa kona ya tatu.

Jioni ile Nukta alimwambia mkewe. Alikaa kwenye kigoda, akamshika mkono ule mzima. "Safari hii sikuletei karatasi. Nitakaa pale ulipokuwa ukikaa wewe. Nitatazama vizuri, nikirudi nitakusimulia mwanzo mpaka mwisho, kama ulivyokuwa ukinisimulia."

"Haya," mkewe akasema, na mdogo wake aliyekuwa anakunja nguo akasema, "Hiyo 'haya' maana yake tutaona."

Nukta alijua kwa nini anadharauliwa. Ulimi wake ulikuwa mzito kwa masimulizi. Ijumaa akaamua kufanya mazoezi, akamsimulia mteja mmoja jinsi alivyofika dukani asubuhi. "Nilitoka nyumbani saa moja na dakika kumi na mbili. Saa moja na dakika ishirini nilikuwa darajani. Saa moja na nusu kasoro dakika mbili..."

"Mzee," mteja akamkatiza, "hiyo si hadithi, ni ratiba ya treni."

Kwa hiyo Jumapili ile, alipoketi benchini, hakuwa na saa mkononi. Aliiacha nyumbani makusudi. Alikuwa na macho mawili na miwani safi, na nia ya kukusanya kila kitu.

Kando yake alikaa fundi matairi, jitu la miraba minne lenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye alikuwa ameziba pancha za pikipiki zote mbili kwa miaka na kwa hiyo alijihesabu kuwa hana upande. "Nukta," alisema, "leo umeshuka duniani. Karibu kwetu sisi binadamu."

"Nitazame wapi?"

"Swali gani hilo? Tazama pikipiki."

"Zipo kumi na nne."

"Tazama mbili. Hizo nyingine zimekuja kuwasindikiza."

Chini, kwenye mstari wa kuanzia, kinyozi mwenye namba thelathini na moja na seremala mwenye namba saba walikuwa wamesimama bega kwa bega. Sauti zao zilifika juu kabla injini hazijapandishwa.

"Mwenzako akinyolewa wewe tia maji," kinyozi alisema. "Ulikuja na maji, ndugu?"

"Nimekuja na randa," seremala akajibu. "Nitakupunguza mpaka upite mlangoni."

Bendera ikashuka, na pikipiki zikaondoka kwa pamoja kama nyuki waliotupiwa jiwe.

Hapo ndipo Nukta alipogundua jinsi alivyokuwa kipofu. Kwa miaka yote ile kinyozi kwake alikuwa mlio wa puani na tarakimu mbili zilizopita. Kumbe kinyozi ana adabu yake: kabla ya kila kona hutikisa kichwa mara moja, kama anayekataa kitu alichoulizwa. Kumbe seremala haketi. Anasimama juu ya vikanyagio mzunguko mzima, magoti yamekunjwa, kama mtu anayechungulia ua wa jirani. Kumbe kwenye tuta lililo nyuma ya kona ya pili pikipiki hupaa kabisa, na zikiwa hewani injini zake hulia sauti nyembamba ambayo Nukta alikuwa akiisikia kibandani miaka nenda miaka rudi bila kujua inatoka wapi. Alitaka kumshika mtu mkono amwambie. Akamtazama fundi matairi, akaona si mtu wa kushikwa mkono.

Akaanza kuweka akiba. Hili la kichwa nitamwambia. Hili la kuchungulia ua litamchekesha. Mzunguko wa sita bonge la udongo lilibanduka kwenye gurudumu la seremala likampiga kinyozi kifuani, na kinyozi akalipangusa kwa mkono mmoja, katikati ya mwendo, kama anavyopangusa nywele kwenye bega la mteja. Hilo Nukta alilirudia kimya mara tatu lisimtoroke. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikuwa inauma, kwa kuwa kila alichokiona alikiona akitamani kingekuwa kinatoka kinywani mwa mtu mwingine, polepole, njiani, huku yeye akiuliza, "Halafu?"

Mizunguko ilikuwa kumi na mitano. Kufikia wa kumi na nne kinyozi alikuwa amechukua uongozi, seremala nyuma yake kama kivuli cha saa sita. Bendera ya mzunguko wa mwisho ikapeperushwa. Watu wakaanza kusimama, safu kwa safu.

"Sasa," fundi matairi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Usipepese."

Nukta alisimama. Aliwaona wakipaa tutani, wote wawili hewani pamoja. Aliwaona wakitua. Aliwaona wakiingia kona ya tatu, kinyozi akitikisa kichwa. Na wakati huohuo, kabla hajajua anachokifanya, shingo yake iligeuka. Haikumuuliza. Ilifanya ilichofanya miaka ishirini na minane kila injini zilipofikia mlio ule: ikampeleka kwenye mstari wa chokaa. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimekunjwa juu ya saa isiyokuwepo.

Nyuma ya kisogo chake uwanja mzima ulipiga ukelele ambao hakuwahi kuusikia. Macho yake hayakutikisika. Gurudumu la namba saba likakata chokaa. Kidole kikabonyeza hewa. Gurudumu la namba thelathini na moja likafuata. Kidole kikabonyeza tena.

Alipogeuka kutazama kona ya tatu, hapakuwa na kitu pale ila vumbi linalotua.

Watu walikuwa wameshika vichwa. Wengine walikumbatiana na watu wasiowajua. Fundi matairi alimkamata bega akamtikisa. "Umeona? Nukta, umeona alichokifanya? Mimi sijaona kitu kama kile, na nimeanza kuja hapa nikiwa na meno ya utotoni. Umeona?"

Nukta akafungua kinywa. "Nukta tatu," akasema.

"Nini?"

"Amemshinda kwa nukta tatu."

Ubao mpya wa umeme ukawaka: seremala kwanza, tofauti sekunde 0.31. Fundi matairi akauangalia ubao, akamwangalia mzee, akasema, "Wewe kweli si mtu wa kawaida," kisha akaruka uzio akakimbilia uwanjani na wenzake.

Angeweza kuuliza. Pale kulikuwa na watu mia tatu walioona. Lakini aliona aibu. Mtu mzima aliyeomba kiti maalumu ili aione kona ya tatu, akauliza watu kulitokea nini kona ya tatu? Kabla ya jua kuzama angekuwa kichekesho cha mji. Akashuka taratibu, akashika njia ya nyumbani.

Alipita kando ya ukuta wa kiwanda cha mbao, akafika darajani, na hapo miguu ikasimama yenyewe pale ilipozoea kusimama. Akawaza. Seremala alipita ndani au alipita nje. Ni mawili tu. Akisema ndani, nani atamkatalia? Ataongeza vumbi kidogo, bega kwa bega, imekwisha. Lakini Nukta hakuwahi kuandika tarakimu ambayo hakuiona. Mwaka mmoja msomaji wa namba aliyekaa kando yake kibandani alipiga chafya, gurudumu likapita, na Nukta akaacha nafasi tupu kwenye karatasi badala ya kukisia. Klabu nzima ikamjia juu, na nafasi ikabaki tupu. Aliegemea ukingo wa daraja mpaka kijibaridi kikaanza kumwingia. Ilimchukua saa moja na dakika nne kufika nyumbani, na hakuwa na wa kumsimulia njiani.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani, amechanwa nywele, amevaa gauni la kutokea. Mdogo wake alikuwa akipiga pasi.

"Tangu saa nane yuko hivyo," shemeji alisema. "Kakataa kulala. Haya, shemeji, tema."

Nukta akavuta kigoda. Akaanza vibaya, kwa saa ya kuanzia na idadi ya pikipiki. Mkewe akafumba macho kwa uchovu. Akajirudi. Akasema, "Kinyozi, kabla ya kona, anatikisa kichwa. Hivi. Kama ameambiwa anyoe bure." Mkewe akafumbua macho. Akaeleza randa na maji, na shemeji akacheka mpaka akaiweka pasi kando. Akasimama kuonyesha jinsi seremala anavyochungulia ua wa jirani, magoti yakalia, akakaa tena. Akaeleza bonge la kifuani lilivyopanguswa. "Haya," mkewe alikuwa akisema, kila aliposita, kwa sauti ya chini ya kusukuma mbele. "Haya. Haya." Nukta alijisikia anapanda mlima na kuna mkono mgongoni mwake. Alipaa nao tutani. Alitua nao. Akaingia nao kona ya tatu.

Akanyamaza.

"Haya?" mkewe akasema.

Nukta akatazama mikono yake.

"Haya?"

"Sikuona," Nukta alisema. "Niligeuka nikatazama mstari. Nilikuwa nimekaa palepale pa kuonea, mke wangu, watu wote wameona, mimi nikatazama mstari. Seremala ameshinda kwa nukta tatu. Kapitaje, sijui."

Pasi ilikuwa inatoa mvuke peke yake mezani. Mkewe alimkazia macho. Kisha bega lake la kushoto likaanza kutetemeka. Nukta akainuka kwa hofu, akidhani ni ule ugonjwa umerudi, lakini shemeji akamzuia kwa mkono. Mke alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, machozi yakamtoka. Akainua mkono wake mzima, akajifunika macho kwa kiganja, akaubandua, akajigonga kifuani. Akarudia: macho, kifua. Macho, kifua.

"Anasema nini?" Nukta akauliza.

Shemeji aliizima pasi. "Anasema na yeye hivyohivyo. Shemeji, hukujua kweli? Dada hajawahi kuona mzunguko wa mwisho hata mmoja. Anafumba macho. Anaogopa wataanguka. Mimi nilikwenda naye mara mbili, alinifinya mkono mpaka ukavimba."

"Na yule aliyesukuma pikipiki?"

"Aliambiwa na mama yake yule kijana."

"Na wale waliokunywa chai chupa moja?"

"Hilo aliona. Hilo lilikuwa baada ya mbio. Mengine yote alikuwa anayaokota. Wewe si ulikuwa unabaki kule juu saa nzima unajumlisha? Ndiyo saa yake hiyo. Anamshika fundi, anamshika muuguzi, anawafuata wenyewe wanaopanda, mmojammoja, wewe uliona nini, wewe ulisikia nini. Ukishuka anakimbilia ngazini anajifanya amekaa siku nzima."

Nukta alimgeukia mkewe. "Na yule aliyeibembeleza pikipiki kama punda? Naye uliambiwa?"

Mkewe akatazama dari. "Haya," akasema, kwa upole kabisa.

"Hilo la punda nadhani aliongeza," shemeji alisema.

Nukta hakuhisi ameibiwa. Alikuwa akiiona ile saa moja, mara ishirini na sita: yeye juu ameinamia tarakimu, na chini, mahali ambapo dirisha lake halikufika, mwanamke mwenye kibegi akikata uwanja huku na huku kumtafutia neno moja zuri la njiani. Hajawahi kuiona hiyo. Kati ya vyote vilivyompita nje ya mstari wa chokaa, hicho ndicho alichokitamani sasa kuliko kona zote. Angetoa madaftari yote aione mara moja, na amsikie akiuliza, kwa sauti ile iliyokataa kumrudia.

Mkewe alimgusa goti. Kisha akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Haya."

"Sasa hivi?" shemeji akasema. "Watu wanakula sasa hivi. Aende kesho."

Mkono ukashuka, lakini kwa shingo upande.

Jumatatu, tarehe 24, kulipambazuka bila mawingu. Nukta hakufungua duka. Saa mbili kasoro dakika tano alikuwa mlangoni kwa kinyozi, akamkuta amekaa mwenyewe kwenye kiti cha wateja, kitambaa begani, anakitazama kioo.

"Nimefunga, mzee," kinyozi alisema. "Leo sina mkono."

"Sikuja kunyolewa. Nimekuja kuuliza kona ya tatu."

"Umeiona. Mji mzima umeiona."

"Sikuiona," Nukta alisema. "Niambie polepole. Kuna mtu nyumbani anangoja."

Kinyozi alimtazama kuona kama ni dhihaka. Kisha akainuka, akachukua vitana viwili, cheusi na cha mfupa, akavilaza mezani mbele ya kioo, na kopo la poda akaliweka pembeni kuwa tuta. Akasogeza kile cheusi. "Mimi huyu. Nilikuwa nimeshinda, mzee. Nilikuwa nimeshashinda. Nikageuka. Nilitaka kujua yuko wapi. Nikageuza kichwa kushoto, mara moja tu. Naye alikuwa anakuja kulia, juu kabisa ya ukingo, mahali ambapo hakuna njia." Kitana cha mfupa kikapita ubavuni.

"Kushoto uliona nini?"

"Vumbi."

Nukta akainama karibu na meza. Akauliza alisikia nini. Akauliza mama yake alikuwa amekaa upande gani, na alisema nini alipofika nyumbani, na kama alikula. Kinyozi akajibu yote, mwanzoni kwa kinyongo, baadaye kwa kirefu, hata akaketi. Nukta hakuandika chochote. Alipoona amemaliza, aliagana naye. Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyeiamini saa moja mpaka ailinganishe na nyingine, alivuka barabara, akashika njia ya karakana ya seremala.